MATE inawalisha, ila sufuria hamtaki kuosha

Wandugu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta. Leo siufuti. Mwenye kununa na anune.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Arua. Nina kibanda karibu na stendi ya mabasi, meza mbili, na rafu ya mashine za mitumba zinazokuja na basi la usiku kutoka Kampala. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuitunza Windows 10, sijalala njaa. Mashine nyingi za huku Windows 11 inazikataa mlangoni: TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayodaiwa, hazina, prosesa ni za kale. Basi anakuja mwalimu, anakuja karani wa kanisa, anakuja mfanyabiashara kutoka Ariwara ng'ambo ya mpaka. Namwekea Debian, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, yenye sura iitwayo MATE, namwonyesha kwa dakika ishirini kitu gani kiko wapi, anatoa shilingi 30,000, anaondoka anacheka. Mashine ya RAM gigabaiti 2 aliyotaka kuifanya stuli inaandika barua tena.

Najua mafundi sita mjini hapa wanaokula mkate huo huo. Wawili niliwafundisha mwenyewe, wakiwa hawajui hata kuiambia mashine iwake kwa flashi. Sasa niambieni, katika hao sita, nani amerudisha hata kijiko kimoja cha chumvi kwenye chungu anachokula kila siku?

Kwa ambao wameingia uzini bila kujua nazungumzia nini: MATE ni desktopu, yaani ile sura yote unayoiona kompyuta ikishawaka, menyu, paneli, madirisha, sehemu ya kufungulia faili. Msingi wake ni GNOME 2. Aprili 2011 GNOME wakatoa toleo la 3 wakaitupa sura ile ya zamani, na watu wengi wakajikuta wageni kwenye mashine zao. Jamaa mmoja wa Argentina anayejiita Perberos alikasirika, lakini hasira zake alizifanyia kazi. Alichukua msimbo wa GNOME 2 mwaka huo huo akaanza kuutunza, akaupa jina la majani wanayokunywa kwao kama chai, yerba mate. Na ili majina yasigongane na yale ya GNOME, programu zikabatizwa upya kwa Kihispania. Ya kuandikia ikaitwa Pluma, ya kusomea PDF ikaitwa Atril, ya kufungulia mafolda ikaitwa Caja, maana yake sanduku. Wateja wangu wanaisoma "kaja". Kwa hiyo simu ninazopokea asubuhi ni hizi: "Fundi, Kaja hajaja." Nimeshazoea. Namjibu, subiri kidogo, yuko njiani, mashine yako ina diski ya kuzunguka, ya polepole.

Tatizo ni kwamba watu wanadhani programu ikishakamilika imekamilika. Mtu wa West Nile, mkoa wetu huu, hapaswi kufundishwa jambo hili. Nyumba ya nyasi unaijua: hata usiiguse, hata asilale mtu ndani, mvua na mchwa wanafanya kazi yao, na miaka michache baadaye ama unaezeka upya ama unahama. Desktopu ni hivyo hivyo. Vitu vilivyo chini yake vinabadilika bila kuiomba ruhusa. MATE ilijengwa juu ya GTK2, toleo la pili la maktaba ya kuchorea vitufe na menyu. Kuhamia GTK3 kulikamilika na toleo la 1.18, Machi 2017. Desemba 2020, GTK4 hiyo ikatoka. Halafu X11, mtambo wa kuchora madirisha ambao umekuwepo tangu 1987, wakubwa wanauacha wanahamia Wayland, mtambo mpya wa kazi hiyo hiyo, na MATE ilizaliwa na kulelewa ndani ya X11. Mikono ya kuihamisha ni michache mno. Ukitaka kujua ni michache kiasi gani, angalia tarehe tu: toleo la 1.26 lilitoka Agosti 2021, la 1.28 likaja Februari 2024. Miaka miwili na nusu. Hapo ndipo mnapopatia mkate.

Basi mwaka jana nikasema nijaribu. Nikafungua grupu la WhatsApp la kutafuta watu wa kujitolea kuijaribu na kuitafsiri MATE. Walijiunga 143. Nilifurahi, sidanganyi, nilimwonyesha hadi mke wangu. Swali la kwanza kuulizwa mle ndani: "Kuna posho?" La pili: "Cheti kitakuwa na muhuri?" La tatu sikulijibu.

Nikapanga siku ya majaribio. Nikaomba ukumbi mdogo, nikanunua soda kwa pesa yangu, nikabeba mashine tisa kwa boda, safari tatu, moja nimeipakata kama mtoto. Walikuja 31. Maelekezo yalikuwa mepesi kabisa: kaa, washa, tumia kama unavyotumia siku zote, chochote kikikukwaza andika ulibonyeza nini, ulitarajia nini, kikatokea nini. Soda zilipoisha walibaki tisa. Jioni nikakusanya karatasi. Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ina mistari minne, nashukuru. Ya pili ina maneno mawili: "Iko sawa."

Iko sawa! Mtu umekaa saa tatu mbele ya mashine, umekunywa Mirinda mbili, unaniandikia iko sawa kama daktari aliyepita wodini anawahi chakula.

Wale wa kutafsiri nao msiniulize. Walianza na neno moja, folda. Mmoja akasema ni kabrasha, mwingine akasema kabrasha ni la karatasi, wa tatu kutoka upande wa Busia akaleta neno lake ambalo sijalikuta kwenye kamusi yoyote. Wiki tatu. Jumbe usiku kucha. Watu wakaleta habari za nani anajua Kiswahili sanifu na nani ni mtu wa kambini. Mstari uliotafsiriwa: sifuri. Na hapo Dar es Salaam watu wa chuo kikuu walishamaliza OpenOffice nzima ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004! Wangengoja kukubaliana neno la folda wangekuwa wanabishana mpaka leo.

Sitaki niwe mwonevu. Mwanafunzi wa S5, kidato cha tano, sina neno naye. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu yake; kabla ya hapo tulikuwa na ile shilingi 200 kwa siku ya kuingia mitandaoni, iliyoanza Julai 2018. Mtu anayechagua kati ya bando na chapati siwezi kumwambia ashushe faili la gigabaiti 3 na ushee kwa ajili ya mapenzi ya programu huria. Nauli ya boda pia ni pesa. Nawasema nyie mafundi wenzangu. Nyie wenye intaneti ya dukani, mnaoweka MATE mashine nne kwa siku, mnaokumbana na kasoro ile ile kila wiki, mnaipitia pembeni na kumwambia mteja "ndivyo ilivyo". Si ndivyo ilivyo, ssebo, bwana wangu. Ni kwamba hujamwambia mtu.

Na mimi nilikosea, niseme. Tangazo langu la kwanza niliandika "wanatafutwa madevelopa wenye ujuzi wa lugha ya C". Kweli MATE imeandikwa kwa C zaidi, lugha ya kuandikia programu. Lakini nani Arua hii ameketi na C yake anasubiri tangazo langu? Niliwafukuza watu niliowahitaji kabla hawajabisha hodi.

Nimelijua hilo kwa mama mmoja mchapaji. Ana kijimeza kwenye veranda, anaandika mikataba ya viwanja na barua za kupeleka kwa LC1, uongozi wa kijiji. Mashine yake nilimwekea mimi, kioo chake ni kile cha mraba, 1024 kwa 768. Siku hiyo nimekaa nasubiri karatasi zangu zitoke, nikamwona anashika Alt kwa kidole gumba, anakamata katikati ya dirisha la mipangilio kwa mausi, analivuta juu mpaka kichwa cha dirisha kinapotelea nje ya kioo, ndipo kitufe cha kufunga kinajitokeza chini. Amefanya haraka kama anayefukuza nzi. Nikamuuliza, mama, nani alikufundisha hiyo? Akasema hakuna, kitufe kilikuwa kimejificha, nikakitafuta. Akatoa kitabu cha risiti. Nyuma ya risiti alikuwa ameandika, kwa kalamu, madirisha yote yanayozidi kioo chake, na yale ambayo hata ukivuta hayasaidii. Kumi na moja. Kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyemwomba.

Huyo kwenye grupu langu hakuwemo. Tangazo lilisema madevelopa.

Nikachukua orodha yake, nikajaribu moja moja kwenye mashine yangu, nikaandika mawili ya kwanza kwa Kiingereza kwenye GitHub ya MATE, tovuti wanakopokea taarifa za kasoro, na picha za simu. Siku ya nne nikajibiwa, naulizwa toleo gani, ukubwa wa herufi ngapi. Bado hayajarekebishwa, siwadanganyi. Lakini yule anayeandika programu ile ana kioo kipana mezani, hawezi kukiona kitufe kilichojificha kwa sababu kwake hakijifichi. Akitaka kukiona anahitaji kioo cha mraba, RAM ya gigabaiti 2, na mtu anayekaa mbele yake saa nane kwa siku. Hivyo vitu Arua vimejaa. Vimelala hadi chini ya vitanda vyetu.

Na mkinyamaza mnahesabiwa hampo. Debian 13 ilipotoka Agosti 2025, kisakinishi cha mashine za biti 32, zile za kale zaidi, hakikuwemo tena. Kwenye grupu langu hakuna aliyesema neno miezi yote ile habari zikiwa wazi. Siku ilipotoka ndiyo nikapata sauti 17 za WhatsApp za kulalamika. Mlikuwa wapi?

Ninachotaka ni hiki, na hakihitaji C. Kila fundi achague mashine moja mbovu kuliko zote dukani, aiweke toleo la majaribio, aitumie yeye mwenyewe kwa risiti zake na muziki wake. Kikikwama, aandike kwa Kiswahili, Kilugbara, Luganda, nitaelewa au nitamtafuta wa kunielewesha. Kiingereza cha kupeleka huko juu nitaandika mimi. Faili la toleo hilo nimeshalishusha, ukija na flashi ya gigabaiti 8 nakunakilia bure, bando lako usiliguse. Usiogope diski yako, inawaka kutoka kwenye flashi bila kusakinisha kitu.

NYONGEZA: Kuna aliyeniuliza kwa nini nisihamie Xfce, desktopu nyingine nyepesi, niache kulia. Xfce naiheshimu, ipo tangu 1996. Lakini angalia nayo: 4.12 ilitoka Februari 2015, 4.14 ikaja Agosti 2019. Njaa ya mikono ni ile ile, umehama nyumba tu, nyasi bado zinakusubiri wewe.

NYONGEZA 2: Na huyu wa "wazungu wanalipwa, sisi tufanye bure kwa nini". Wengi wa wanaoitunza MATE ni watu wa kujitolea. Halafu wewe hujafanya bure, ndugu yangu. Shilingi 30,000 kwa mashine umekuwa ukilipwa muda wote, ila unalipwa kwa jasho la mwenzako.

NYONGEZA 3: Wanaouliza siku: Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi, kibandani kwangu. Umeme ukikatika tunaendelea na laptopu zenye betri. Soda hakuna, maji yapo. Mama mchapaji anakuja na kitabu chake cha risiti. Na wewe uliyeandika "iko sawa", wewe hasa, njoo na mashine yako tuone iko sawa vipi.