Mjadala: Kuuliza hesabu hadharani ni kukosa busara?

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Chamwino, alikozaliwa mama yangu. Ajenda ilikuwa michango ya darasa. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasimama: "Mbukwenyi wazee wangu. Naomba kufahamu, mwenyekiti, saruji iliyonunuliwa ni mifuko mingapi, na stakabadhi anazo nani?"

Kimya. Mzee mmoja wa meza kuu akamjibu: "Mwanangu, tumia busara. Mambo mengine huulizwa pembeni." Watu wakapiga makofi, ajenda ikafungwa. Njiani kurudi nikasikia kinamama wawili wakisema binti yule hana staha.

Neno hilo limeniuma, ndiyo maana nalileta hapa. Binti alisalimu, aliomba, hakumtaja mtu, hakupandisha sauti. Sasa adabu aliyoikosa ni ipi? Wazee waliudhiwa na swali lenyewe. Basi tuseme swali limetuudhi. Tukisema hana staha, tunamshtaki kwa kosa ambalo hakulitenda, na kijijini neno kama hilo humfuata mtoto wa kike hadi siku watu wanapokuja kuleta posa.

Naona tunachanganya mambo. Adabu huonekana kwenye ulimi na mwili: salamu, "naomba", kupokea kwa mikono miwili. Busara ni kazi ya jicho. Hata asili yake, kwenye Kiarabu, ni kuona. Mwenye busara huliona neno litakapoangukia kabla hajalitamka. Halafu kuna kunyamaza kwa woga, ambako hakuna jina zuri, kwa hiyo kumeazima jina la busara.

Na hapo "pembeni" ni wapi? Wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na mkutano hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kama mapato na matumizi hayaulizwi pale, mimi sijui yataulizwa wapi.

Mchangiaji wa Kondoa:
Kaka, binti hakukosa adabu, hilo nakubali. Busara ndiyo ilipungua. Angemfuata mwenyekiti nyumbani jioni ya kuamkia mkutano, akamwambia, "Baba, kesho nitaulizia saruji." Mzee angejiandaa na makaratasi yake. Kumshtukiza mbele ya wakwe na wajukuu ni kumvua nguo. Umesema mwenyewe busara ni kuona mbele, hakuona mbele.

Mchangiaji wa Dodoma mjini:
Angekuwa kijana wa kiume mngesema ni jasiri. Tuanzie hapo.

Mleta mada:
Dada, umenishika pazuri. Katika mkutano uleule mwanamume mmoja alifoka kuhusu mifugo iliyoingia mashambani, akaambiwa tu "tumekuelewa mzee". Hakuna aliyemtajia staha.

Ndugu yangu wa Kondoa, la kuonana jioni nalipokea. Kumpa mtu nafasi ya kujiandaa ni utu. Ila mzee akimjibu sebuleni kwake, sisi wengine tuliochanga tutajuaje? Ingebidi swali lirudi mkutanoni hata hivyo.

Halafu sisi tunaishi jirani na Bunge. Kule mbunge akiwa anachangia, mwenzake husimama kuomba kutoa taarifa, akamsahihisha nchi nzima ikisikia. Kisha anayechangia huulizwa kama anaipokea. Anaweza kusema siipokei, akaendelea na hoja yake, na heshima yake haijapungua. Akitoa lugha ya kuudhi ndipo huambiwa afute kauli. Kwa hiyo kuna utaratibu wa kumpinga mtu na ukabaki unamwita Mheshimiwa. Kijijini kwetu maneno ya namna hiyo hatumfundishi kijana. Tunamfundisha kuamkia, tukimaliza tunamwambia akae chini.

Wenyeviti wa vijiji na mitaa mliomo humu, nawaomba kwa dhati: binti yule angesemaje ili mumjibu idadi ya mifuko? Niandikieni maneno yenyewe jinsi ambavyo mngependa ayatamke. Nitampelekea kabla ya mkutano ujao.