Mrejesho: yule ndege wa Kitulo niliyemsikia bila kumwona

Wakuu habarini, niliuliza hapa kama ndege uliyemsikia sauti tu unaruhusiwa kumwandika kwenye orodha yako ya ndege, na wengi mlijibu ruksa, hata eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege, wanakubali mradi uwe na uhakika na sauti. Basi nimemwandika, sistikola wa Njombe. Hawa sistikola jamani wote ni wadogo, kahawia kahawia, wamefanana hadi kero, sauti ndo kitambulisho chao, kwa hiyo aliyewasikia vizuri ana ushahidi kuliko aliyewaona!

Tulirudi hifadhi ya Kitulo na shemeji yangu msimu wa maua, baridi ya kule mnaijua, yeye anataka orodha ndefu mi nataka mbayuwayu wa bluu, na tulimpata akipita chini chini juu ya nyasi, mzuri sana yule ndege na wamebaki wachache duniani. Anajenga kwenye mashimo ardhini, mbayuwayu mzima anashuka shimoni kama panya, nilicheka mpaka shemeji akaninyamazisha.

Ubishi mpya sasa. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waligundua kwale wa Udzungwa baada ya kuona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga porini kule, kweli kabisa, ndege mpya kwa sayansi nzima keshaiva. Shemeji anauliza wa kwenye sufuria anahesabika? Nimemwambia hapana, lazima awe hai na huru porini. Kagoma. Naombeni mnisaidie kumwelewesha.