Majina yetu kwa herufi za Kichina: Salum, Asha na Mwinyi yaandikwe vipi?

BejiMjiMkongwe
Assalaam alaykum. Tunachapa beji za waongoza watalii, jina liwe kwa herufi zetu na chini yake kwa Kichina. Ya mwanzo ni Salum Khamis Juma, Asha Rashid na Fatma Mwinyi. Programu ya tafsiri ya kwenye simu imeligeuza Juma kuwa "wiki". Kuna kanuni, au kila mtu anaandika apendavyo?

Kalamu ya Wete
Waalaykum salaam. Kanuni ipo. Jina la mgeni hufuata sauti, halitafsiriwi, kwa hiyo programu usiiachie Juma wala Zawadi. Silabi ya Kichina huishia kwa irabu, n, ng, na mara chache r. Konsonanti nyengine ikibaki mkiani hupewa herufi yake: m ni 姆 (mu), s ni 斯 (si), d ni 德 (de).

Salum: 萨卢姆, sa-lu-mu
Khamis: 哈米斯, ha-mi-si
Juma: 朱马, zhu-ma
Rashid: 拉希德, la-xi-de

R ya Rashid imekuwa L, na hapo hakuna ujanja: "ra" na "la" zote ni 拉. Mwinyi usihangaike nalo, magazeti ya China yameshalizoea: 姆维尼, mu-wei-ni. Jina lililokwisha zoeleka halibuniwi upya. Ndivyo ilivyo kwa Pemba 奔巴 na Zanzibar 桑给巴尔. Hiyo 给 kwa kawaida ni "gei", ila hapa husomwa "ji". Wengi wanakwama hapo wakichapa.

BintMkoani
Ongeza jinsia. "Ma" ya Juma ni 马, farasi. Ya Fatma iwe 玛, ileile yenye alama ya kito ubavuni: 法特玛. Asha ni 阿莎, si 阿沙, maana 沙 ni mchanga mtupu. Tazama jina la Rais Samia, 萨米娅: "ya" yake ina alama ya mwanamke, 女, wakati "ya" ya Tanzania, 坦桑尼亚, haina. Lakini Rashid wa Asha ni babake, abaki na herufi za kiume.

Na asikudanganye mtu kwamba sauti ikilingana basi imetosha. 杀 nayo ni "sha", maana yake kuua. Nani ataivaa kifuani?

FundiChapa
Mpangilio usiugeuze. Wachina huanza na ukoo, lakini jina la mgeni hubaki kama lilivyo, na nukta ya katikati hutenganisha: 萨卢姆·哈米斯·朱马. Nukta hiyo hukaa katikati ya kimo cha herufi, si chini kama nukta ya mwisho wa sentensi. Kwenye Windows, ukiwa katika hali ya Kichina, bonyeza kitufe kilicho kushoto ya 1. Herufi 8 na nukta 2, kwa hiyo tenga nafasi ya herufi 10. Beji ikiwa nyembamba, weka 萨卢姆 peke yake.

Fonti iwe ya Kichina kilichorahisishwa, kwa mfano Noto Sans SC. Ukitumia ya Kijapani, herufi isiyokuwamo huazimwa kwenye fonti nyengine, ndiyo unaona moja nene na jirani yake nyembamba. Kabla ya kupeleka kazi dukani geuza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta yao isiyo na fonti hiyo itakutolea visanduku vitupu.

BejiMjiMkongwe
Shukran sana. Yupo Mohammed anayetaka jina fupi, asema 穆罕默德 ni refu. Na wageni wa Taiwan watasoma hizihizi?

Kalamu ya Wete
Mohammed achukue ukoo wa 马, umeenea sana kwa Waislamu wa Kihui huko China, kisha aongeze herufi moja au mbili. Hilo litakuwa jina la Kichina hasa, na halitiwi nukta.

Taiwan wanatumia herufi za zamani (馬 badala ya 马) na hata majina ya nchi hutofautiana: Zanzibar kwao ni 尚吉巴. Usichanganye mitindo miwili kwenye beji moja. Kabla ya kuchapa zote, chapa moja, umpe Mchina aisome kwa sauti bila kumwambia jina. Kwa walioko Pemba, madaktari wa Kichina wapo Mkoani, hospitali ya Abdulla Mzee.