Kushtakiwa kwa kuendesha gari umelewa Uingereza: kinachofuata mahakamani na baada ya hapo

Kutoka kwa mwanajumuiya, Reading

Ndugu wapendwa, salamu kwenu nyote. Mdogo wangu, aliyekuja kutoka Mombasa kwa viza ya kazi za kutunza wazee, alisimamishwa na polisi saa mbili asubuhi akielekea kazini, baada ya harusi iliyoisha usiku wa manane. Kipimo cha pumzi kituoni kilisoma maikrogramu 52, naye ameachiwa akiwa amepewa tarehe ya kufika mahakamani. Anaamini kwamba akimweleza hakimu kuwa ana mke na watoto wanaomtegemea atatozwa faini tu, na kwa kuwa anaendesha kwa leseni ya Kenya, anadhani mahakama ya hapa haina uwezo wa kumfungia kuendesha. Naomba mwenye ufahamu wa mambo haya atusaidie.

Kutoka kwa mkalimani, Leicester

Dada yangu, poleni sana kwa mtihani huo. Mimi si wakili, bali nimefanya ukalimani wa Kiswahili katika vituo vya polisi na mahakama, na mdogo wako anapaswa kuonana na wakili mapema kabla ya tarehe aliyopewa. Hata hivyo, hayo mawili anayoyategemea hayatamsaidia, na ni afadhali alijue hilo sasa kuliko akiwa kizimbani.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza na Wales ni maikrogramu 35 za pombe katika kila mililita 100 za pumzi, sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Anayepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amezidi kiwango hicho hufungiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 12, na hakimu hana hiari ya kumsamehe, isipokuwa pawepo kile ambacho sheria inakiita sababu maalumu. Sababu hiyo ni lazima itokane na tukio lenyewe, kwa mfano mtu kutiliwa pombe katika kinywaji bila kujua, au dharura ya kweli isiyo na njia nyingine. Watoto, kodi ya nyumba na hofu ya kupoteza kazi ni mambo yanayomhusu mshtakiwa, si tukio, kwa hiyo hayahesabiwi kabisa katika suala la kufungiwa, hata yakielezwa kwa machozi. Nimewahi kutafsiri maombi ya namna hiyo, na hakimu huyasikiliza kwa heshima kisha akataja miezi.

Kwa kipimo kati ya 36 na 59, mwongozo wa mahakama unaelekeza afungiwe miezi 12 hadi 16, pamoja na faini inayokadiriwa kwa kipato chake, ambayo kwa kawaida huanzia mara moja na nusu ya kipato cha wiki, ukiachilia mbali gharama za mashtaka. Kukiri kosa siku ya kwanza hupunguza faini kwa theluthi moja, lakini hakupunguzi muda wa kufungiwa. Kinachoweza kuupunguza ni kozi ya madereva waliokamatwa kwa ulevi, ambayo mtu huilipia mwenyewe: akiimaliza kwa wakati, hukatiwa hadi robo ya muda, hivyo miezi 12 ikawa 9. Kozi hiyo ni lazima hakimu aikubali wakati wa kutoa hukumu, kwa hiyo wakili asisahau kuiomba. Aidha, marufuku huanza pale pale inapotamkwa, kwa hiyo siku hiyo asiende mahakamani na gari akitumaini kulirudisha mwenyewe.

Kuhusu leseni ya Kenya, mahakama haimfungii kadi, inamfungia mtu asiendeshe katika nchi hii, awe na leseni ya wapi. Akikaidi akaendesha, hilo ni kosa jingine lenye kifungo cha hadi miezi 6. Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja: leseni ya Kenya inakubalika kwa miezi 12 tu tangu mtu aanze kuishi hapa, na haiwezi kubadilishwa moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Kama muda huo ulikuwa umepita, ana shida ya pili, na pengine ya tatu, kwa kuwa bima nayo itakuwa mashakani.

Hili si sawa na tiketi ya kuegesha gari vibaya. Ni hukumu ya jinai, na atalazimika kuitaja katika kila fomu ya viza, ya makazi ya kudumu na ya uraia. Kuificha ni hatari kubwa kuliko hukumu yenyewe. Kufukuzwa nchini moja kwa moja, chini ya sheria ya mipaka ya Uingereza (UK Borders Act) ya mwaka 2007, huwahusu waliohukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, na adhabu ya juu ya kosa hili peke yake ni miezi 6. Akisababisha kifo, mizani ni nyingine kabisa, kwani kifungo kinaweza kufika maisha. Mwajiri wake pia ataiona hukumu hiyo kwenye hati ya DBS, yaani ya ukaguzi wa rekodi za jinai, kwa hiyo amweleze mwenyewe mapema.

Nawaomba wengine wazingatie habari ya kuendesha asubuhi baada ya kunywa usiku. Mwili huondoa takriban yuniti moja (kipimo cha pombe kinachotumika hapa) kwa saa, na chupa ya divai ina yuniti zipatazo 10. Kahawa, supu ya pilipili na maji baridi haviongezi kasi hiyo. Na anayetakiwa kupuliza kituoni asikatae kwa kusubiri wakili: wakili wa zamu ni bure, lakini polisi hawalazimiki kumngoja, na kukataa bila sababu ya msingi huadhibiwa kama ulevi wenyewe.

Kutoka kwa mwanajumuiya, Coventry

Ahsante sana, mzee wetu. Tuna hafla Glasgow hivi karibuni. Je, mtu akilala ndani ya gari lililoegeshwa mpaka pombe imtoke, yuko salama?

Kutoka kwa mkalimani, Leicester

Ndugu, Uskoti, uliko mji wa Glasgow, ilishusha kiwango mwezi Desemba 2014 hadi maikrogramu 22, kwa hiyo hata painti moja ya bia inaweza kumvusha mtu. Kulala garini ukiwa na ufunguo kunaweza kukuletea shtaka la kuwa msimamizi wa gari ukiwa umezidi kiwango, lenye kifungo cha hadi miezi 3, faini ya hadi pauni 2,500, na pointi 10 za adhabu kwenye leseni au kufungiwa kuendesha. Unaweza kujitetea kwamba hapakuwa na uwezekano wa wewe kuliendesha kabla pombe haijakutoka, lakini ni juu yako kulithibitisha hilo. Ufunguo akabidhiwe asiyekunywa, nanyi mlale kwa wenyeji.