Mjadala: Boti zilizokufa injini kwenye Ziwa Kivu, tuzitie matanga?

Wa Nguba, Bukavu
Ndugu zangu wa Bukavu, Idjwi na Goma, naleta hili tulijadili kwa uwazi.

Juzi nilisimama ufukweni na fundi wa kuchomelea, mbele ya boti ya chuma ambayo haijatoka pale kwa miaka. Injini imeng'olewa, zimebaki bolti nne na doa jeusi la mafuta. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo ukingoni. Fundi akagonga ubavu kwa nyundo sehemu tatu, na mara zote mlio ulikuwa mzito, wa chuma kizima. "Mwili uko," akasema, "kilichokufa ni moyo."

Naomba mwili kama ule utiwe mlingoti na tanga, ubebe mizigo isiyo na haraka kati ya Bukavu, Idjwi, Minova na Goma: mbao, makala, maharage, simenti. Na uwe shule ya vijana wanaotaka kazi ya ziwani. Abiria wasipande kabisa.

Wengine wameshafanya. Meli ya matanga Tres Hombres ilijengwa mwaka 1943 kwa ajili ya jeshi la majini la Ujerumani. Ilikarabatiwa, na tangu 2009 inavuka Atlantiki bila injini, ikiwa na ramu, kahawa na kakao, pamoja na wanafunzi wanaolipa ili wajifunze ubaharia. Meli nyingine ya matanga, Avontuur ya 1920, nayo ilifufuliwa, ikarudi baharini 2016. Hata hapa jirani, Ziwa Tanganyika, meli Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, ikatembea kwa mvuke mpaka ilipowekewa injini ya dizeli miaka ya 1970. Basi kubadilisha moyo wa meli kuukuu kunawezekana. Anayepinga alete hoja.

Mama wa Kituku, Goma
Simenti yangu ikikaa ziwani siku mbili kwa sababu upepo umelala, mteja ananunua kwa jirani. Nani atanilipa?

Nahodha mstaafu, Idjwi
Mdogo wangu, nimekuwa ziwani tangu ujana. Msimu wa mvua, dhoruba inashuka kutoka milimani kabla hujamaliza kuita jina la mwenzako. Boti iliyojengwa kwa injini ukiisimamishia mlingoti, uzito unapanda juu, na upepo mmoja wa ubavuni unaipindua. Halafu sisi tunajua makasia na injini. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wanapiga makasia wakiimba, mitumbwi mitatu imefungwa kwa miti. Tanga ni la watu wa pwani.

Na usisahau tarehe 3 Oktoba 2024. Ile boti ya kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wanaitazama. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, zaidi ya watu 200 wakapanda boti ya watu 80. Tatizo letu ni hilo, mazutu, yaani dizeli, hayahusiki.

Wa Nguba, Bukavu
Papa, nakusalimu kwa heshima. Kuhusu mlingoti umesema kweli, na mimi nililipita haraka mno. Watu wa pwani huweka farumi, mawe mazito chini kabisa ya chombo, ili kisimame wima. Mlingoti uwe mfupi, tanga liweze kuteremshwa mara moja, na mhandisi apige hesabu ya uzito kabla ya fundi kuwasha moto. Injini ndogo iwekwe kwa ajili ya kuingia bandarini na kwa siku ambazo upepo umelala.

Upepo wenyewe, tazama ziwa lilivyolala. Mchana hewa hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku inarudi. Safari ya Bukavu hadi Goma ni ya kusini kwenda kaskazini, karibu kilomita 100, kwa hiyo upepo huo mara nyingi utatupiga ubavuni, na tanga linaupenda upepo wa ubavuni. Kwa kilomita 7 kwa saa ni saa 14 na kidogo.

Juu ya Minova, Papa, hapo ndipo roho inaniuma. Kijana akiajiriwa kwenye boti leo anaonyeshwa kamba na ndoo ya kuchotea maji, basi. Kwenye tanga, mzigo ukiupanga vibaya chombo kinalala upande saa hiyo hiyo, mkono wako unahisi. Kijana aliyefundishwa hivyo akiona watu 200 wanasukumana kupanda, tumbo lake litakataa. Tamaa ya mwenye boti sitaiponya kwa shule, nakubali. Lakini nataka kuwe na mtu mmoja ndani ya boti anayejua kusema hapana na kueleza kwa nini.

Nahodha mstaafu, Idjwi
Anza na mitumbwi, si boti ya chuma. Ikipinduka karibu na ufuko, watoto wataogelea. Wote wavae jile za kuokolea maisha.

Mama wa Kituku, Goma
Mkifika kwenye boti kubwa, nitawapa magunia kumi ya maharage. Simenti hapana, ikilowa imekufa.