Alfajiri, jioni au usiku? Nisaidieni kuchagua muda wa kupiga tizi

BabaGoba
Habari za humu wakuu. Naombeni mawazo yenu kwa dhati kabisa maana hili jambo linanisumbua. Nina miaka 43, naishi Goba hapa Dar, ofisi iko Posta katikati ya jiji. Mwezi uliopita nilipima presha ikasoma 148/94, baada ya wiki mbili nikarudia haikuwa imeshuka, daktari akasema dawa bado, kwanza punguza chumvi, punguza tumbo na uanze mazoezi nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, tutaonana baada ya miezi mitatu. Sasa hiyo nusu saa naitoa wapi ndo swali langu.

Ratiba yangu iko hivi. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na moja na nusu niko barabarani, nikichelewa robo saa tu foleni ya Mwenge inanimeza. Kazini natoka saa kumi na moja jioni, nyumbani nafika saa mbili usiku, nikila na kukaa na watoto kidogo nalala saa tano. Nilijaribu alfajiri, nikawa naamka saa tisa na nusu nakimbia mtaani. Nilienda siku tisa. Siku ya tisa nikasinzia kwenye usukani pale kwenye taa za Mwenge, nimeshtuliwa na honi za nyuma, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa kiti cha pembeni namshusha shule. Tangu siku hiyo nimeacha. Sasa nawaza jimu ya karibu na ofisi jioni, au kukimbia usiku nikifika nyumbani. Nyie mnafanya saa ngapi na imewasaidia vipi?

Mkimbiaji_Uasin_Gishu
Pole sana ndugu, lakini usikate tamaa na asubuhi. Mimi niko Eldoret, nakimbia tangu shule ya upili, na huku kwetu asubuhi ndiyo yenyewe. Ukienda Iten saa kumi na mbili utapata makundi ya wakimbiaji kwa barabara ya mchanga mwekundu, baridi inauma hadi vidole, mahali penyewe ni mita kama 2,400 juu ya bahari, na wote wako nje. Sababu ni rahisi, asubuhi hakuna mtu atakupigia simu, hakuna mgeni, hakuna mvua ya jioni. Mimi nikisema nitakimbia jioni, kwa wiki nitakimbia mara mbili pekee, hizo zingine zinaliwa na shughuli. Asubuhi nakosa mara moja kwa mwezi. Jaribu tena, ila anza polepole.

ChumaKilaSiku
Mkuu mi nakuunga mkono jioni, na sio kwa sababu ya uvivu. Joto la mwili linakuwa chini kabisa kwenye saa kumi kumi na moja alfajiri, alafu linapanda mdogo mdogo mpaka jioni ndo linafika juu, kwaiyo misuli jioni imelainika na nguvu ipo. Chuma ninachoinua saa kumi na mbili jioni bila shida, asubuhi ile ile naikuta nzito. Na mgongo pia, ukitoka kitandani zile diski laini za katikati ya pingili zinakuwa zimevuta maji usiku kucha zimejaa, ukiinama kubeba kitu kizito ndani ya lile saa la kwanza unajitafutia matatizo. Nilishaumia hivyo 2019, wiki tatu sikuweza kufunga kamba za viatu.

Na mtu asikudanganye kwamba lazima ukimbie na njaa asubuhi ndo mafuta yaungue. Ni kweli muda ule unaunguza mafuta zaidi, lakini ukija kuhesabu wiki nzima kinachopunguza tumbo ni jumla ya unachokula na unachotumia.

MamaWawiliTabata
Naomba niongee kwa niaba ya akina mama, maana hapa mnasema alfajiri alfajiri kama wote tuko sawa. Saa kumi na moja Dar bado ni giza totoro, jua lenyewe linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kitu. Mimi nilikuwa natembea haraka na jirani yangu, siku moja pikipiki ikatupita, ikageuza, ikazima taa ikawa inatufuata taratibu. Tuliingia kwenye geti la watu tukakaa mpaka kumepambazuka. Toka hapo peke yangu giza sitoki, na mbwa pia wanafunguliwa muda huo.

Nilichofanya nimejiunga na klabu ya jogingi ya mtaani, Jumamosi na Jumapili tunaondoka saa kumi na mbili kamili tuko kama arobaini, tunaimba njia nzima, mbele kuna mtu wa kuzuia magari. Katikati ya wiki naruka kamba uani dakika ishirini wanangu wakiwa wanafanya homuwek. Kwaiyo BabaGoba kabla hujachagua saa angalia na njia yenyewe, je unaonekana na gari? kuna sehemu ya kutembea kwa miguu?

NesiWaZamu
BabaGoba kaka yangu, mi ni muuguzi, miaka kumi na sita sasa, na nimesoma post yako mara mbili kwa sababu ya kile kipande cha kusinzia kwenye usukani. Watu wanabishana asubuhi na jioni lakini hesabu yako ya usingizi hawajaiona. Unalala saa tano unaamka kumi na nusu, hayo ni masaa matano na nusu. Ulipoanza kukimbia saa tisa na nusu ukabakiwa na manne na nusu. Kulala kidogo hivyo siku baada ya siku kwenyewe kunapandisha presha, yaani unakimbia kuishusha huku unaipandisha kwa mlango wa nyuma. Huyo ndugu wa Eldoret anaamka mapema sawa, muulize analala saa ngapi.

Kwa mwenye presha kuna mambo mengine pia. Mtu anapoamka presha yake inapanda kwa kawaida, na mshtuko wa moyo hutokea zaidi masaa ya asubuhi kuliko masaa mengine. Hiyo haina maana asubuhi ni marufuku, ina maana usitoke kitandani ukaanza kufukuza upepo, tembea dakika kumi kwanza mwili ushtuke taratibu. Ukinyanyua vyuma usibane pumzi, toa hewa wakati unasukuma, ukibana presha inaruka juu ghafla. Ukija kuanzishiwa zile dawa za kukojoza, jua kali na jasho jingi vitakukausha, kunywa maji na umuulize daktari wako. Na wenye sukari wanaochoma insulini mnisikie, mazoezi ya jioni sana yanaweza kushusha sukari usiku ukiwa umelala, pima kabla ya kulala na uwe na kitu kitamu karibu. Ila kutembea robo saa baada ya chakula kunasaidia sana sukari isipande, hilo lifanyeni hata leo.

Kuhusu usiku, kutembea au mazoezi mepesi hayaharibu usingizi kwa watu wengi. Tatizo ni yale mazito, ya moyo kwenda mbio, ndani ya lisaa limoja kabla ya kulala. Wewe unafika saa mbili, ule, upumzike, ukimbie, uoge, utalala saa sita. Tunarudi pale pale.

Mkimbiaji_Uasin_Gishu
Dada umesema ukweli na nimekubali. Mimi hulala saa tatu usiku, saa tatu na nusu imechelewa sana. Hata hawa wakimbiaji wakubwa kambini wanalala mapema na mchana wanalala tena. Nilisahau kuongeza hiyo. Na hata saa ya kukimbia si sheria, Kipchoge siku ile ya Vienna, 12 Oktoba 2019, alipokimbia marathoni kwa 1:59:40, alianza saa mbili na robo asubuhi na hiyo saa ilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa.

MzalendoMaskati
Asalaam alaykum ndugu zangu. Sisi huku Maskati, Oman, uchaguzi tunafanyiwa na jua. Kuanzia Juni joto linapita 40, serikali yenyewe inakataza kazi za nje saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Kwahivyo tunatembea ufukweni Qurum baada ya Isha, utakuta wazee, mabwana na bibi zao, watoto na baiskeli, mpaka saa nne usiku. Nakuja Unguja kila mwaka na nawaona watu wa kwetu wanakimbia saa tisa ya mchana mwezi wa Februari, tafadhalini msifanye hivyo, unyevu ule jasho halikauki mwilini na joto linabaki ndani.

BintiMaisara
Mie wa Unguja na kweli tunaonekana hivyo 😊 ila wengi tunangoja jua lipungue, uwanja wa Maisara unajaa kuanzia saa kumi na moja. Mwezi wa Ramadhani nilijaribu vyote viwili, nusu saa kabla ya kufutari na baada ya tarawehe. Kabla ya futari nilikuwa natembea tu, nikikimbia kichwa kinauma, lakini uzuri wake ukimaliza unakwenda moja kwa moja kwenye maji na tende. Baada ya tarawehe nguvu ipo ila daku inanikuta sijalala vizuri. Nikabaki na kabla ya futari.

MamaWawiliTabata
BabaGoba nimepata wazo. Wewe uko Posta, gari unayo, saa kumi na moja unajitupa kwenye foleni ya nini? Liache hapo ofisini uende zako kwa miguu mpaka daraja la Tanzanite, lina njia ya watembea kwa miguu, upepo wa bahari, jioni watu wamejaa wanatembea na kukimbia. Unarudi unachukua gari foleni imelegea.

BabaGoba
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Nesi dada yangu, ile hesabu yako nilimsomea mke wangu tukakaa tukaipanga upya nyumba, TV inazimwa saa tatu na nusu na saa nne niko kitandani. Nimeongeza lisaa lizima.

Na lile la daraja nimelifanya siku nane. Natoka saa kumi na moja na dakika kumi, nafuata barabara ya Barack Obama na bahari iko kulia kwangu, napanda darajani, narudi. Nachelewa kwenye kurudi tu kwa sababu pale juu nasimama kidogo kuangalia maji yakibadilika rangi jua linapozama, sijawahi kukaa Dar miaka yote hii nikaona hicho kitu. Natoka Posta na gari saa moja kasoro, nyumbani nimekuwa nafika saa mbili na dakika ishirini, zamani nilikuwa nafika saa mbili. Yaani dakika ishirini tu ndo nimezitoa, kutembea nimepata zaidi ya lisaa, masaa mengine yote nilikuwa nayatoa kwa foleni bure.

Presha sijapima bado, tarehe ya daktari ni mwezi ujao, nitaleta namba hapa zikiwa nzuri au mbaya. Jumamosi nataka kuonja hiyo jogingi ya kuimba, MamaWawili nielekeze mnapoanzia, nije na mtoto wangu mkubwa. Na kama kuna mtu humu yuko maofisi ya Posta, raba zangu ziko kwenye buti la gari, tunaweza kuwa tunaondoka pamoja.

MamaWawiliTabata
Karibuni sana. Nakutumia inboksi sasa hivi. Mwambie mtoto alale mapema Ijumaa.