Kikundi cha Ukoo wa Chumbageni: Juni, Modesto na Filamu ya Baba Mkubwa

Jumatatu

[19:04] Mwanaidi (Sacramento): Assalamu alaykum, ndugu zangu wote, mlio huku California na mlio nyumbani. Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Niliandika juzi kuhusu mwezi wa Juni na sikupata jibu hata moja, kwa hiyo naandika tena na naomba kila mtu ajibu. Kila Juni mji wa Modesto hufanya gwaride la magari ya zamani kwa kumbukumbu ya filamu ya American Graffiti, na Baba Mkubwa, ambaye aliitazama mwaka uleule wa 1973 ilipotoka akiwa mwanafunzi huku, hajawahi kuliona gwaride hilo. Pendekezo langu ni kwamba Ijumaa usiku tuitazame filamu sote uani kwangu, na Jumamosi asubuhi tushuke na barabara ya 99 hadi Modesto, mwendo wa kilomita 120 hivi. Nahitaji idadi ya watu, idadi ya magari, na jina la atakayemchukua Baba Mkubwa kutoka Oakland.

[19:51] Juma (San Jose): Dada, mimi nitakuja, ila kabla sijaahidi gari naomba tuhakikishiwe kwamba polisi wa Modesto wamekwisha kulisahau lile gari lao lililong'olewa ekseli.

[19:53] Mwanaidi: Juma, nimeuliza idadi ya magari.

[22:10] Feisal (Dar es Salaam): Juma umenikumbusha mbali! Yule kijana Curt anatambaa gizani kwenye uwanja wa kuuzia magari yaliyotumika, anafunga mnyororo kwenye ekseli ya gari la polisi, kisha polisi wanatoka kwa kasi kumfukuza mwenye mwendo, na sehemu ya nyuma ya gari inabaki palepale ilipofungwa. Marehemu baba alikuwa akiirudisha nyuma kanda mpaka mama anazima televisheni.

[22:15] Juma: Ile kanda ilikuwa imekwaruzika hapohapo tu, kwingine kote nzima.

[22:31] Mwanaidi: Namshukuru Mungu kwa kumbukumbu zenu, lakini sasa nina watu wawili, gari halijulikani, na wa kumchukua Baba Mkubwa hajajitokeza. Kikundi hiki kina watu wengi na naona wote mnasoma.

Jumanne

[12:40] Salma (Fresno): Shikamooni wakubwa. Dada Mwanaidi, nitakuja Jumamosi moja kwa moja Modesto kwa sababu Ijumaa nina kazi. Naomba kuuliza kama watoto nao wataitazama filamu, kwa kuwa yule Terry anazunguka nje ya duka akiwaomba watu wazima wamnunulie pombe, na Carol ni mtoto wa kike ambaye usiku kucha yumo ndani ya gari la kijana asiyemjua.

[12:58] Mwanaidi: Swali lako ni la maana. Carol ni mtoto kweli, hata Mackenzie Phillips aliyemwigiza alikuwa na umri wa miaka 12 wakati wa kupiga picha. Lakini tazama jinsi John Milner, kijana mwenye gari hilo, anavyomtunza: anakasirika, anaona haya kuonekana naye, anajaribu kila hila amrudishe kwao, na mwisho anamfikisha mlangoni salama na kumwachia kitu cha gari lake awe na cha kumkumbukia. Ningependa wanangu wa kiume wakione kitendo hicho. Wadogo kabisa watalala mapema.

[18:20] Athumani (Oakland): Nimesoma yote na nina wazo tofauti. Kwa nini Modesto? Hakuna hata mtaa mmoja wa Modesto unaoonekana katika filamu ile. George Lucas alianza kupiga picha San Rafael mwezi Juni 1972, wenye mji wakalalamika mapema kwamba barabara zimefungwa, ikabidi ahamie Petaluma, na mitaa mingi ambayo vijana wanapiga misele usiku kucha ni ya Petaluma. Hata ule mgahawa wenye taa, ambao wasichana wanapeleka chakula kwenye magari wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu, ulikuwa San Francisco na ulibomolewa mwaka 1976. Petaluma nao wana sherehe yao ya kuienzi filamu, na hiyo hufanyika Mei, maana yake ni wiki mbili kutoka sasa. Ni karibu zaidi na hapa, na mzee hatachoka barabarani.

[18:44] Mwanaidi: Kaka Athumani, yote uliyosema ni kweli na bado siyakubali. Petaluma ni mahali kamera ilipowekwa, lakini Modesto ndipo vijana walipoyaishi maisha yale. Lucas alizaliwa Modesto mwaka 1944, akakua akizunguka Barabara ya 10 na Barabara ya 11 pamoja na vijana wenzake, akitaka kuwa dereva wa mashindano, hadi Juni 1962, siku chache kabla ya kuhitimu sekondari, alipogongwa na gari jingine, gari lake likabingirika na yeye akarushwa nje, na ingekuwa mkanda wake haukukatika huenda tusingekuwa na filamu ya kuzungumzia. Hadithi ya filamu imewekwa mwaka huohuo wa 1962. Tena miji mingi ya jimbo hili, Modesto ikiwemo, ilikuwa imepiga marufuku kuranda kwa magari, mpaka sheria ya jimbo iliyoanza Januari 2024 ilipoiondolea miji uwezo huo. Sasa barabara zimefunguliwa, na mimi nataka Baba Mkubwa apite mahali penyewe angali ana nguvu.

[18:52] Juma: Naomba niseme kwamba Harrison Ford alikataa kunyoa nywele kwa ajili ya filamu hiyo, ndiyo maana akavalishwa kofia ya mchunga ng'ombe. Kwa hiyo mimi pia sinyoi, iwe Petaluma au Modesto.

[18:53] Feisal: Wewe una nywele za kunyoa?

[18:55] Mwanaidi: Tafadhali.

[19:07] Athumani: Kinachotazamwa hasa ni magari, Mwanaidi, na Petaluma magari ni mengi. Zipo Ford za mwaka 1932 zilizovuliwa madigadi na kushushwa paa kama ile ya njano ya Milner, na Chevrolet za 1955 hazihesabiki. Baba Mkubwa atafurahi sana kuziona.

[21:36] Shangazi Hadija (Tanga): Athumani. Kumekucha huku na nimeamka kusoma maneno haya. Humpeleki kaka yangu akatazame Chevrolet za watu. Hilo usilirudie.

[21:40] Athumani: Shangazi, shikamoo. Nilikuwa nikizungumzia filamu.

[21:41] Shangazi Hadija: Marahaba. Nami nazungumzia Chevrolet.

[21:49] Athumani: Shangazi, jambo hilo ni la miaka mingi, na wote mnajua kodi ya gereji ilikuwa ikilipwa na nani, na barua ya mwenye gereji ilikuja kwa jina la nani. Sidhani ni haki kila ninapotamka neno gari nirudishwe kwenye kesi ileile.

[21:55] Rukia (Oakland): Mume wangu, wacha.

[22:02] Shangazi Hadija: Fedha za kodi zilitumwa kutoka Tanga kwa mkono wangu mwenyewe, wiki tulipomzika mama. Sitasema zaidi, kwa kuwa mwenyewe yumo humu na ananyamaza.

[22:05] Juma: Jamani, hata lile jeusi la Harrison Ford, ile Chevrolet ya 1955, lilikuwa limekwisha kutumika katika filamu nyingine ya mashindano mwaka 1971, kisha likaletwa hapa likiwa mkono wa pili, na hakuna aliyelalamika.

[22:06] Mwanaidi: Juma, mdogo wangu, usiku huu hapana.

[22:20] Mwanaidi: Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mpango. Projekta ninayo lakini taa yake imefifia. Nani ana nyingine? Spika nitaazima, kwa sababu filamu hii bila sauti nzuri ni hasara: nyimbo ni zaidi ya 40, na zimeachwa zitoke kwenye redio za magari yenyewe, gari likipita wimbo unapita nalo, na sauti ya mtangazaji Wolfman Jack inawafuata vijana hao mtaa kwa mtaa. Ndiyo sababu nataka tuitazame nje, siyo sebuleni.

Jumatano

[06:15] Baba Mkubwa (Oakland): Wanangu, salaam. Nimesoma kuanzia mwanzo. Macho yangu hayapendi simu, kwa hiyo nimeandika polepole baada ya sala ya alfajiri, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Filamu hii nilipelekwa na wanafunzi wenzangu wa Kimarekani mwaka 1973. Nilikuwa sijakaa huku muda mrefu, na nilidhani nakwenda kuchekeshwa na magari. Kweli tulicheka. Ile Ford ya njano ina namba za THX 138, na injini yake imeachwa wazi ubavuni, na mimi niliyekuwa nimesaidia gereji pale Ngamiani nilikuwa naitazama injini kuliko nilivyowatazama waigizaji. Lakini jueni kwamba shindano lenyewe, ambalo usiku mzima linasubiriwa, ni la muda mfupi sana. Alfajiri, barabara tupu, magari mawili. Lile jeusi linaacha njia, linapinduka, linawaka moto. Watu wote wanasema Milner ameshinda. Yeye anakataa na kumwambia Terry kwamba yule mwingine alikuwa amekwisha kumpita. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda: anajua enzi yake imekwisha na analisema kwa kinywa chake, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Kisha ndege inaruka na maandishi yanatokea. Milner aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Terry alipotea vitani karibu na An Loc Desemba 1965. Steve ni wakala wa bima Modesto. Curt ni mwandishi, anaishi Kanada. Mistari minne tu. Ukumbi ambao muda wote ulikuwa ukicheka haukusikika tena. Vita vya Vietnam tulikuwa navyo kila siku kwenye habari, na kijana aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na kaka yake ambaye hakurudi. Hakuinuka mpaka taa zilipowashwa. Tangu hapo, mtu akiniambia ni filamu ya magari humwuliza kama aliikalia hadi mwisho.

Filamu ilitoka Agosti. Oktoba yakaja mambo ya mafuta, Waarabu wakazuia, na huku tukaanza kupanga foleni kwenye vituo. Baadaye ikawa siku moja ni ya namba shufwa na siku nyingine ni ya namba witiri. Magari yenye injini kubwa, yale yaliyokuwa fahari ya kila kijana, yakawa hayatakiwi. Mimi mwanafunzi maskini nikaweza kuinunua Chevrolet ya 1955 kwa fedha za kufanya kazi jikoni, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiikimbia. Kitasa cha mlango wa kulia kilikuwa kibovu, nikakifunga kwa kamba ya katani iliyokuja na kifurushi kutoka Tanga, na kamba hiyo haikutolewa kamwe.

Sasa Athumani. Kodi na barua sitaki kuzisikia. Miaka yote hii sijapata kukuuliza neno moja, na leo nauliza mbele ya ukoo: uliliuza kwa nani? Sihitaji fedha. Nataka kujua gari lilikwenda kwa nani. Popote mtakapoamua nitakwenda, lakini nitapanda gari lako, nitakaa mbele, na utanieleza njiani. Shangazi yenu naye nimemsikia, na namwomba apumzike.

[09:30] Mwanaidi: Tumekusikia, Baba Mkubwa. Mungu akuzidishie afya.

[13:12] Salma: Tumekusikia, Baba Mkubwa. Ningependa kusema kitu kidogo kwa heshima. Katika maandishi yale ya mwisho wametajwa wanaume wanne tu. Laurie, Debbie na Carol, ambao tumekaa nao usiku kucha, hawakuandikiwa hata mstari mmoja, ingawa Candy Clark aliyemwigiza Debbie ndiye mwigizaji pekee aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo. Tutakapoitazama naomba tulizungumze hilo.

[13:40] Baba Mkubwa: Umesema kweli, mwanangu. Sikuwahi kuliona. Tutalizungumza.

[17:05] Shangazi Hadija: Kaka, nimepumzika. Filamu mtanirekodia?

[17:30] Juma: Shangazi, nitakutumia yote. Na gari langu lina nafasi nne, Dada Mwanaidi, nimejibu sasa.

[20:48] Rukia: Da Mwanaidi, Athumani amesoma. Yuko nje anazungumza na simu tangu magharibi, anamtafuta mtu wa Stockton.

Alhamisi

[07:55] Athumani: Shikamoo Baba Mkubwa. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

[08:01] Mwanaidi: Alhamdulillahi. Kaka, utamchukua kwa ajili ya Petaluma wiki mbili zijazo au kwa ajili ya Modesto mwezi Juni?

[12:20] Mwanaidi: Kaka Athumani?

[15:47] Feisal: Samahani, nilikuwa safarini. Je, siku ya kutazama filamu mtaweka kiungo ili nasi wa Dar tuione kwa wakati mmoja? Ijumaa usiku kwenu ni Jumamosi asubuhi kwetu, na mimi Jumamosi nakuwa dukani hadi saa saba mchana.

[16:02] Mwanaidi: Feisal, tutaangalia. Kwa sasa ninao Juma mwenye nafasi nne, Salma atakayetangulia Modesto kama ni Modesto, na Baba Mkubwa aliye na gari. Projekta bado. Wengine kumi na zaidi mliosoma, naomba mwandike angalau ndiyo au hapana kabla ya Jumapili, ili nijue ninunue nyama ya watu wangapi.

[23:18] Athumani: Subirini kwanza. Huyu mtu wa Stockton amesema atanipigia Jumamosi.